Kubomoa Si Kujenga

Juma lililopita mama mmoja wa hapa Masoko alikuja ofisini nimwandikie barua. Mwanawe yuko Dar es Salaam. Nyumba aliyopanga chumba imebomolewa, naye sasa alala barazani kwa ndugu. Wahenga wamesema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Lakini mjini atalima wapi?

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba za udongo Magomeni na kujenga mpya. Nia ilikuwa njema, ila ukivunja moja na kujenga moja, wasio na nyumba hawapungui. Basi katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikapima viwanja Sinza. Na Manzese ikapeleka maji na barabara kati ya nyumba walizokwisha kujenga wananchi.

Baadaye kaya 644 za wapangaji wa Magomeni Kota ziliondolewa, nyumba zikavunjwa. Zilingoja miaka mingi, lakini Machi 2022 majengo mapya yalifunguliwa kwa ajili yao. Kwa nini hawakusahauliwa? Walikuwa wamehesabiwa.

Mpangaji wa chumba nani amhesabu? Fidia huenda kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo, vijana, mkipanga mjini, dai mkataba wa maandishi, tunza stakabadhi, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Nao wakuu wa miji, kabla ya nyundo, ishikeni kalamu.