Mstaafu na Dawa Zake

Mtumishi wa Serikali afikapo miaka 55 huruhusiwa kustaafu kwa hiari yake, na afikapo 60 hana budi kuondoka. Katika miaka hiyo ya katikati mazungumzo ya maofisini hubadilika. Watu huulizana habari za kiinua mgongo, za bati na saruji, za ng'ombe, za shamba la mpunga. Habari za dawa haziulizwi. Nasi twaona ni jambo la kustaajabisha, kwa maana kiinua mgongo chaweza kwisha katika mwaka wa kwanza, na nyumba hujengwa mara moja, bali presha na kisukari hudai haki yao kila asubuhi mpaka mtu azikwe.

Kwa hiyo twapenda kuwauliza wanachama wetu, walioko kazini na waliokwisha kurudi makwao, hapa Segese na jirani zetu wa Bugarama, Lunguya na Kakola, swali moja tu: dawa utakazomeza baada ya kustaafu utazipata wapi, na ni nani atakayezilipa?

Wengi watajibu upesi, "Kadi ninayo." Jibu hilo ni la kweli, walakini halijatimia.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa 3 katika kila 100 ya mshahara wake, na mwajiri hutia 3 nyingine. Kadi ya kazini humchukua mwanachama, mwenzi wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Mwanachama aliyetimiza masharti akistaafu, yeye na mwenziwe huendelea kutibiwa pasipo kukatwa tena. Jambo hili ni jema sana, wala tusilihesabu kuwa ni sadaka. Ni jasho la miaka mingi lililowekwa akiba. Lakini kadi ni ahadi ya kulipa. Kadi si dawa. Kazi ya Mfuko ni kukilipa kituo kilichokwisha kumpa mgonjwa dawa. Ikiwa rafu za kituo ni tupu, kadi haina cha kulipia, na mzee hurudi nyumbani na kadi yake mfukoni na maradhi yake mwilini.

Katika nchi ya Marekani, mzee aliye katika bima ya serikali hupewa muda kila mwaka, tangu tarehe 15 Oktoba hata tarehe 7 Desemba, achague mpango wa dawa mmoja katika mingi. Utaratibu huo ulianza mwaka 2006. Mzee wa huko huketi na orodha ya dawa zake, akalinganisha mpango huu na ule, kisha akaamua. Kwetu sisi Mfuko wa watumishi ni mmoja, basi watu hudhani kwamba hapana la kuchagua. Sivyo. Yako mambo matatu ya kuchagua, na yafaa yachaguliwe mtu angali kazini, wakati mshahara waingia na miguu ina nguvu.

Jambo la kwanza ni jina la dawa. Kila dawa ina jina lake lenyewe, na tena yaweza kuwa na majina ya biashara ambayo kila kiwanda hujichagulia. Metformini ya kisukari ilianza kutumiwa kwa wagonjwa huko Ufaransa mwaka 1957; leo hutengenezwa na viwanda vingi vya dunia. Mmoja huiuza kwa jina la Glucophage, wengine kwa majina mengine, na bei hutofautiana, ingawa dawa iliyomo ni ile ile. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu hutumia jina la dawa lenyewe, na Mfuko hulipa kwa kufuata orodha yake na bei zake. Mtumishi aliyezoea boksi la rangi fulani, akilinunua kwa mshahara, atashangaa siku ya kwanza ya ustaafu atakapoambiwa kwamba boksi hilo halimo. Naye hulipa kwa fedha ya pensheni, akidhani hana njia nyingine, kumbe dawa yake imo kwa jina lake halisi.

Basi mtu angali kazini na aende kwa daktari wake na dawa zake zote mkononi, amwulize: ipi katika hizi imo katika orodha, ipi haimo, na isiyomo ina ndugu yake aliyemo? Tusemapo hivi hatumwambii mtu abadili dawa kwa shauri lake mwenyewe au la jirani. Abadilishaye ni daktari, naye huhitaji majuma kadhaa ya kumtazama mgonjwa kama dawa mpya yamfaa. Hii ndiyo sababu ya kutongoja mpaka barua ya kustaafu itoke.

Jambo la pili ni mlango wa kuchukulia dawa. Orodha ya Taifa, ambayo toleo lake la mwaka 2021 limefungwa pamoja na mwongozo wa matibabu, huipa kila dawa herufi. A ni ya zahanati na kuendelea juu, B ni ya kituo cha afya, C ni ya hospitali ya wilaya, D ni ya hospitali ya mkoa, na S ni ya mabingwa. Karani hahitaji kufundishwa maana ya herufi pembeni ya jina: ndiyo yenye kueleza faili litafunguliwa katika ofisi gani. Mstaafu wa Segese ambaye dawa yake ni ya herufi D ajue tangu mapema kwamba safari yake ni ya Shinyanga. Na mwenye dawa ya mabingwa huenda safari yake ikawa ya Bugando, Mwanza. Nauli ya safari hizo haimo katika kadi. Kwa hiyo lifaalo ni kumwuliza daktari, kwa adabu, kama ipo dawa ya herufi ya chini itakayofanya kazi ile ile.

Hapa ipo siri ambayo makarani wapaswa kuielewa kuliko watu wote. Kituo huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na huagiza kwa kutazama leja: dawa kiasi gani ilitoka miezi iliyopita. Bohari ikikosa, upo utaratibu uitwao Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchini mwaka 2018, ambao huruhusu kununua kwa mshitiri wa mkoa. Njia zote mbili huanzia katika leja. Sasa, mstaafu aonaye aibu ya kupanga foleni, akaenda kimya kimya dukani kila mwezi kununua vidonge vyake, ugonjwa wake haukuandikwa popote. Katika hesabu ya kituo mtu huyo ni mzima. Wakiwa 20 wa namna hiyo katika kata moja, kituo kitaagiza dawa za watoto na za malaria, na mganga atasema kwa haki kabisa kwamba dawa za presha hazina watu. Jina lisiloingia daftarini halihesabiwi katika mgawo.

Tena fedha ambazo Mfuko hukilipa kituo ni sehemu ya fedha ambazo kituo hununulia dawa. Mstaafu mwenye kadi atibiwaye kwa kadi hukiletea kituo chake mapato. Wazee wasio na uwezo wameahidiwa matibabu bila malipo tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na hiyo ni haki yao. Lakini mwenye kadi asijipenyeze katika dirisha hilo kwa sababu tu foleni yake ni fupi, maana hula katika sahani ya maskini na kukikosesha kituo fedha.

Basi shauri letu ni hili: kila mstaafu achague kituo kimoja kilicho karibu, aandikishwe humo, afungue jalada la maradhi yake ya kudumu, achukue dawa humo kila mara. Dawa iliyomo katika orodha ikikosekana, ana haki ya kuomba fomu ya kwenda nayo kwenye famasi, au duka la dawa muhimu, lenye mkataba na Mfuko. Maduka hayo ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yamefika vijijini mwetu, lakini si kila duka lina mkataba. Katika nchi hii yetu ya dhahabu mwenye duka hupata wanunuzi wa fedha taslimu asubuhi na jioni, basi si ajabu akiona uzito kungoja malipo ya bima. Mstaafu aulize mapema ni duka lipi lipokealo kadi, hapa au Kahama, asije akalitafuta siku kichwa kimekwisha kumzunguka.

Jambo la tatu ni wale wanaobaki nje. Kadi ya mstaafu ni yake na mwenziwe. Watoto na wazazi waliobebwa na kadi ya kazini hawamo tena. Wengi wetu hustaafu tukiwa bado na mtoto wa sekondari, au mama mzee aishiye kwa dawa ya moyo. Mkoa jirani wa Tabora ndiko mfuko wa kwanza wa afya ya jamii ulikojaribiwa, Igunga, mwaka 1996. Na Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyokusudia kila mkaazi wa nchi awe na bima. Kwa hiyo njia zipo. Lakini mtu akinunua bima kwa ajili ya hao, asiulize bei tu. Aulize na orodha ya dawa, na vituo vinavyokubali, maana bei ndogo mara nyingi hufuatana na orodha fupi. Kumnunulia mama bima isiyo na dawa yake ya moyo ni kumpa mwavuli uliotoboka pale pale kichwani.

Limebaki neno moja lenye uchungu, nalo ni sahihi. Sisi tuliokula chumvi ya Serikali kwa kalamu tulifundishwa tangu ujana kwamba mtu hatii sahihi kwenye hati ya kupokelea mzigo asiouona. Karani aliyekiri kupokea magunia kumi na ghalani yamo manane alijua atakavyoulizwa. Ajabu ni kwamba karani huyo huyo, akiwa mgonjwa, husukumiwa fomu ya matibabu akatia sahihi bila kusoma, kisha akaambiwa dawa mbili hazipo, arudi kesho. Fomu yasema amepokea zote. Mfuko utalipa dawa ambazo hazikutoka, na akiba ambayo ni yetu sote itapungua. Iwe fomu ya karatasi au ya mtambo, soma kwanza, hesabu dawa zako, kisha thibitisha. Ukiona dawa haipo, omba ifutwe. Mhudumu mwaminifu hatakasirika. Wala usimwazime mtu kadi yako, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Pamoja na hasara ya Mfuko, maradhi yake yataandikwa katika jalada lako, na siku moja daktari atakutibu ugonjwa usio wako.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Yapo ya Chama. Twasema wazi kwamba si haki mzee wa miaka 70 asafiri kila mwezi kwenda mjini kwa ajili ya vidonge ambavyo vingeweza kukaa katika kabati ya kituo chake. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia apewe dawa za miezi zaidi ya mmoja, kwa kadiri mwongozo uruhusuvyo. Na orodha ya dawa zinazolipwa ibandikwe ukutani katika kila kituo, kwa Kiswahili chepesi, mahali ambapo mzee asiye na miwani mizuri ataweza kuisoma.

Lakini ombi lisilo na hesabu huwekwa chini ya faili. Kwa hiyo twaomba makatibu wa matawi wote wakusanye orodha ya dawa zitumiwazo kila siku na wanachama wastaafu: jina la dawa, idadi ya watumiao, na kituo kilicho karibu. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Siri ya mwili wa mtu ni yake. Orodha hizo tutazijumlisha na kuzipeleka kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri ya Msalala. Tena kila kituo kina Kamati ya Usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Nani afaaye kuketi humo kuliko karani mstaafu, ajuaye kusoma leja na kuuliza kwa upole kwa nini safu hii haijumliki? Nafasi zikitangazwa, wazee wetu wasikae kibarazani wakalalamika; wajitokeze.

Watumishi Waafrika wa nchi hii waliounda chama chao cha kwanza Tanga mwaka 1922, akiwamo marehemu Martin Kayamba, hawakuwa na bima wala kadi. Walikuwa na kalamu na umoja, wakajua kwamba barua ya mtu mmoja ni malalamiko, bali barua ya wengi yenye hesabu ni hoja. Kalamu hizo tungali nazo. Mwanachama uliye na mwaka mmoja au miwili tu kazini, kabla hujauliza tena bei ya saruji, uliza herufi ya dawa yako.