Pikipiki Ina Kadi, Gitaa Je?

Kyela hakuna mwenye akili timamu anayenunua pikipiki iliyotumika bila kuiona kadi. Atauliza jina la mmiliki, atalinganisha namba ya chesisi na ile iliyoandikwa, atamwita fundi aisikilize injini, ndipo atoe pesa. Mtu huyohuyo akitumwa na kwaya kununua gitaa la besi lililotumika, hulipokea kwa mikono miwili kama mtoto aliyezaliwa jana, asiye na yaliyopita. Akiambiwa ni la Marekani, anaamini. Akiambiwa ni la zamani sana, anaongeza bei.

Nasema tuache. Gitaa kuukuu lisilo na maelezo yaliyoandikwa lisiuzwe kwa bei ya ukongwe, na kwaya yoyote ya Matema, Ipinda au Tukuyu isikubali kuilipa bei hiyo. Ukongwe usio na karatasi ni uchakavu tu.

Siku hizi kila anayeuza vyombo vya muziki mtandaoni amejifunza kusema "vinteji". Neno hilo limetoka mbali. Leo Fender alitoa besi yake ya kwanza ya umeme, Precision, mwaka 1951. Mwaka 1965 kampuni yake ikauzwa kwa CBS, na besi zilizotengenezwa kabla ya mauzo hayo leo zinauzwa kwa maelfu ya dola. Kijana wa kwetu akiiona bei hiyo kwenye simu, anadhani kinacholipiwa ni miaka. Sivyo. Kinacholipiwa ni ushahidi. Mnunuzi makini wa kule hulifungua gitaa. Huitafuta tarehe iliyoandikwa pale shingo inapokutana na mwili. Husoma tarakimu zilizogongwa kwenye vidhibiti vya sauti: zikianza na 137, mtengenezaji wa kidhibiti ni CTS, na zinazofuata hutaja mwaka na wiki. 1376532 ni wiki ya 32 ya mwaka 1965. Shingo ikisema 1962 na kidhibiti kikasema 1975, bei inashuka hapohapo, kwa sababu kuna kitu kimebadilishwa. Hata rangi ikipakwa upya, bei inashuka.

Sisi tumeagiza bei ya kule, bisibisi tukaiacha hukohuko. Tunasoma jina lililo kwenye kichwa cha gitaa na kuishia hapo, kana kwamba hatujawahi kuona nembo ya Mercedes kwenye daladala ya Toyota.

Tena pesa yenyewe si ya mchezo. Huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mchango wa kwaya hutoka kwenye mpunga, kakao, mawese na samaki. Mama aliyetoa shilingi elfu tano ameziondoa kwenye kitu kingine ndani ya nyumba yake. Anapoambiwa kwamba gitaa lililokuja na basi kutoka Dar es Salaam ni ghali kwa kuwa ni la zamani, ana haki ya kuuliza: la zamani lipi, la nani, na limefanyiwa nini?

Amplifaya ndiyo mbaya zaidi, maana yenyewe haidanganyi kwa jina tu, inaungua. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hutumia volti 100. Ya Marekani hutumia volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Mara nyingi tofauti hiyo imeandikwa nyuma ya chombo, kwa herufi ndogo, na muuzaji mzoefu anaijua. Bila transfoma ya kupunguza umeme, chombo hicho hakimalizi wimbo wa kwanza. Nilishuhudia amplifaya moja ikitoa moshi palepale ilipochomekwa, mbele ya wanakwaya waliokuwa wamechanga kwa miezi. Muuzaji alipopigiwa simu akajibu lile jibu linaloandikwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Bibi mmoja wa sauti ya pili akauliza, "Kwani ilikuwa inaumwa tangu hukohuko?" Hilo ndilo swali ambalo lingepaswa kuulizwa dukani.

Wala tusijitetee kwamba hatujui kununua. Nenda sokoni Matema siku vyungu vya Wakisi vinapoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Mnunuzi hukigeuza chungu, hukitazama kitako, kisha hukigonga kwa kidole na kusikiliza, kwa kuwa chungu chenye ufa kina sauti yake. Hakuna anayemwamini mfinyanzi kwa maneno matupu, na wala mfinyanzi hakasiriki. Besi nayo inataka kugongwa hivyohivyo. Itazame shingo kwa jicho moja kuanzia chini kwenda juu, uone kama imepinda. Joto na unyevu wa ziwani vitaizidishia. Piga kila uzi kwenye kila kigawanyo cha chuma, usikilize panapokwaruza. Zungusha vidhibiti, vikikoroma, vina vumbi au vimechoka. Muulize fundi kama fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo bado inakaza. Kazi hiyo haihitaji shahada, inahitaji nusu saa tu na muuzaji asiye na haraka.

Najua nitajibiwa kwamba Jumapili tunataka sauti, hatutaki makaratasi. Sauti ndiyo inayonifanya niseme haya. Anayejua kwamba kinasa sauti cha gitaa lake kilibadilishwa atajua cha kuagiza kitakapokufa. Asiyejua ataambiwa gitaa zima limekwisha, anunue jingine, na mchango uanze upya. Wengine watasema karatasi inaweza kughushiwa. Inaweza. Lakini uongo ulioandikwa una mwandiko, tarehe na sahihi, na unaweza kuupeleka kwa mtu. Uongo wa kwenye simu unaishia hewani.

Tusiwatupie wauzaji wa mjini lawama zote. Kwaya zetu zenyewe huuziana magitaa, kijiji hiki kwa kijiji kile, kwa ukimya uleule. Waluteri wa kutoka Berlin na Wamoraviani walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, na tangu enzi zao kanisa limezoea kuandika: aliyebatizwa, aliyefunga ndoa, aliyezikwa. Kanisa linaloandika jina la kila mtoto mchanga linashindwaje kuandika kwamba besi hii ilinunuliwa mwaka fulani, kwa fedha za nani, na imepigwa na nani?

Muziki wa dansi unatuonyesha ukimya huo unafanya nini. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jina likabadilika kuwa JUWATA, kisha OTTU, hatimaye Msondo Ngoma. Katika bendi za mashirika, wanamuziki walikuwa waajiriwa na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpigaji akihama aliondoka na vidole vyake tu, gitaa likabaki. Kwa hiyo, habari za gitaa ziko katika vichwa vya watu, na watu wanazeeka. Besi iliyopigwa kwenye bendi ya namna hiyo ikitokea leo sokoni Mwanjelwa bila karatasi, itauzwa kama mbao yenye nyaya. Sisi ambao tungeilipia ukongwe wake kwa haki tutapita tu, huku tukiulipia ukongwe wa kubuni wa gitaa jingine.

Karatasi ina nguvu hata kwa kilichoibwa. Paul McCartney alinunua besi yake ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961, ikaibwa London mwaka 1972. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba imerudi mikononi mwake, baada ya Höfner wenyewe kuithibitisha. Iliwezekana kwa kuwa kulikuwa na picha na maelezo ya kuilinganisha nayo. Gitaa la kwaya likiibwa leo, polisi wataambiwa lilikuwa jekundu.

Ninachodai ni mistari mitano tu. Aina na namba ya chombo. Mwaka, kama kuna ushahidi wake, na ushahidi huo ni upi. Kilichobadilishwa au kutengenezwa, pamoja na volti kama ni amplifaya. Waliokimiliki, kwa kadiri inavyojulikana. Sahihi ya muuzaji na siku saba za kukirudisha. Karatasi moja ibaki kwa mhazini, nyingine kwa muuzaji.

Wewe utakayetumwa mjini na bahasha ya kwaya, andika mistari hiyo kabla hujapanda basi, uende nayo. Muuzaji akijaza, msikilize bei yake. Akicheka, au akisema gitaa zuri linajieleza lenyewe, mwambie lijieleze kwa maandishi. Akikataa, rudi na bahasha yako. Kuimba Jumapili moja zaidi bila besi si aibu.