Waosha Maiti Tunao Kila Mtaa. Waokoaji wa Uhai Wako Wapi?

Mtu akifariki katika mtaa wowote wa Mombasa, hakuna anayeuliza la kufanya. Tangazo hutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, ujumbe ukazunguka WhatsApp, na haupiti muda waosha wameshafika, sanda imekatwa, jeneza limetolewa msikitini na vijana wako njiani na majembe kuelekea makaburini. Aliyekufa alfajiri, alasiri ameshazikwa. Hakuna serikali inayotupangia haya. Tumejipangia wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu twajua ni faradhi ya kifaya: wakiifanya baadhi yetu, wengine wamesalimika; tukiiacha sote, sote tuna dhambi.

Ni jambo la kujivunia. Lakini ndugu msomaji, hebu turudishe saa nyuma dakika kumi kabla ya tangazo hilo. Mzee ameanguka barazani, kikombe cha kahawa kimemponyoka. Mmoja atammwagia maji usoni. Mwingine atampepea kwa kanga. Mwingine atakimbilia tuktuk. Mwenye udhu ataanza kumsomea Yasin. Wote wanampenda, na wote wanahangaika. Ila aghalabu hapatikani hata mmoja wa kupiga magoti, kuweka viganja katikati ya kifua chake na kuanza kukandamiza.

Hoja yangu leo ni hiyo. Sisi wa Pwani tumejipanga vizuri zaidi kwa ajili ya maiti kuliko kwa ajili ya mtu ambaye bado anaweza kuokolewa. Na mafunzo ya kuziba pengo hilo yapo, hayako mbali nasi, ila tumeyaacha yawe mali ya watu wanaotafuta kazi.

Mafunzo yenyewe ni nini? CPR, kwa lugha nyepesi, ni kuufanyia moyo kazi yake kwa mikono. Moyo ukisimama damu haifiki kwenye ubongo, na baada ya dakika 4 hivi ubongo huanza kuharibika. Mwenye mafunzo akimkuta mtu ameanguka, humwita na kumtikisa mabega. Hutazama kama anapumua. Huita watu na kumwagiza mmoja wao apige simu. Kisha huanza kukandamiza kifua kwa nguvu na kwa kasi: kwa mtu mzima, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mara 30 hupuliza pumzi 2 mdomoni, halafu huendelea. Haachi mpaka msaada ufike, mgonjwa aanze kupumua, au yeye mwenyewe aishiwe nguvu. Penye mashine ya kushtua moyo, ile inayoitwa AED, huletwa mara moja. Yenyewe huzungumza na kumwelekeza anayeitumia.

Mwaka huu nimekaa katika darasa la namna hii, siku nzima, hapa mjini. Tulikuwa watu kumi na wanane. Lililotushangaza wengi ni hili: mtu aliyeanguka akawa anakoroma kwa vituo, pumzi moja sasa na nyingine baada ya muda, huyo hapumui. Sisi huisikia koromo ile tukasema, "Bado yuavuta pumzi," tukangoja. Kumbe hiyo ni dalili ya moyo uliosimama, na ndio wakati wenyewe wa kuanza kukandamiza. La pili ni uzito wa kazi. Baada ya dakika 2 juu ya sanamu ya mazoezi, jasho lilikuwa likinitiririka na mikono ikitetemeka. Ndiyo maana wataalamu hushauri watu wapokezane kila dakika 2, na ndiyo maana mjuzi mmoja hautoshi mtaa.

Wakati wa chai niliwauliza wenzangu kilichowaleta. Askari wa kampuni ya ulinzi alitumwa na mwajiri wake. Vijana watatu wa ufuoni walihitaji karatasi ili hoteli iwaandike. Dada mmoja alikuwa akijiandaa kwenda Ghuba kulea wazee. Mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini kama cheti chaweza kupatikana bila kukaa mpaka jioni. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema amekuja kwa sababu babake ana presha, au kwa sababu watoto wake huogelea baharini kila Jumapili. Somo lilikwenda kwa Kiingereza, mwalimu akirudi kwenye Kiswahili pale alipoona nyuso zimekunjana. Na ada yake, mama anayeuza viazi karai haitoi bila kukosa jambo jingine nyumbani.

Siwalaumu walimu wala waliokuja kutafuta riziki. Cheti kina kazi yake. Lakini tukiacha soko la ajira peke yake liamue nani ajifunze kuokoa maisha, ujuzi utakuwa ndani ya uzio wa hoteli na kwenye lango la benki, na baraza la mzee litabaki na maji ya kumwagia usoni. Tena cheti si ujuzi. Vyeti vingi vya aina hii vina muhula wa miaka 2, ilhali utafiti umeonyesha kwamba ujuzi wenyewe huanza kufifia kati ya miezi 3 na 6 usiporudiwa. Mtu aweza kuwa na karatasi safi ndani ya faili na mikono iliyosahau.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Basi tuitazame nchi moja tajiri tuone ilifanya nini hasa. Denmark iliyaingiza mafunzo haya katika shule za msingi mwaka 2005, na mwaka 2006 ikawa anayetaka leseni ya udereva sharti ayapitie kwanza. Watafiti wakafuatilia walioangukiwa na moyo kusimama nje ya hospitali. Mwaka 2001, kiasi cha watu 21 katika kila 100 walipata CPR kutoka kwa raia wa kawaida kabla ya ambulensi kufika. Mwaka 2010 walikuwa karibu 45. Waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Watafiti wenyewe walisema si mafunzo pekee yaliyoleta nafuu hiyo, kwa kuwa huduma za ambulensi na hospitali nazo ziliimarika. Na tukiri ukweli: hata huko, wengi bado walifariki. Umri ni wa Mwenyezi Mungu. Lakini walionusurika waliongezeka mara tatu.

Vijana wetu waliona kwa macho yao mfano kutoka nchi hiyo hiyo. Juni 12, 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen alianguka uwanjani katikati ya mechi ya Euro. Nahodha wake Simon Kjær alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumfikia, madaktari wakamfanyia CPR papo hapo na mashine ikaushtua moyo wake ukarudi. Mwaka uliofuata tulimwona tena kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, Brentford kisha Manchester United. Sasa jiulize: kijana akianguka hivyo katika viwanja vyetu vya vumbi, kwenye mashindano ya mtaa, nani ataingia uwanjani?

Tusijidanganye kwamba ambulensi itatuwahi. Wataalamu wanakadiria kwamba kila dakika inayopita bila CPR wala mashine ya kushtua moyo, matumaini ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe. Gari la wagonjwa kutoka Likoni, hata likipewa nafasi ya kwanza, litangoja feri au lizunguke Dongo Kundu. Mgonjwa wa Kizingitini ataanza kwa boti kabla ya kuiona hospitali ya Lamu. Ndani ya Mji wa Kale kuna vichochoro ambavyo gari haliingii. Kwa hali hiyo, atakayemwokoa mtu ni yule aliyeketi karibu naye.

Na tusisahau bahari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu, kila sikukuu fuo zinapojaa, roho zetu huwa juu. Mtoto akitolewa majini, mara nyingi huning'inizwa kichwa chini au kubonyezwa tumbo ili maji yatoke. Mafunzo yanakataza hayo: yanapoteza muda na yaweza kumsababishia atapike na kukabwa. Aliyezama moyo wake husimama kwa kukosa hewa, hivyo huanziwa kwa kupulizwa pumzi, ndipo kifua kikandamizwe. Kwa jamii inayoishi kwa bahari, jambo hili lilipasa lijulikane kama tunavyojua saa za kujaa na kupwa.

Najua pingamizi mbili zitakuja. Ya kwanza ni "ajali haina kinga" na "kilichoandikwa kimeandikwa". Ni kweli, lakini hadithi ya bedui na ngamia wake twaijua sote, na hatuiachi nyumba wazi usiku kwa hoja ya kadari. Suratul Maida, aya ya 32, husomwa mimbarini mara kwa mara kuhusu thamani ya kuihuisha nafsi moja. Yafaa isomwe pia kama maelekezo ya kazi.

Ya pili ni aibu ya kumgusa asiye maharimu wako. Mimi si mwanachuoni, lakini kanuni ya dharura si ngeni kwa wanafunzi wa fiqhi, na daktari wa kiume hutibu wanawake wetu kila siku. Hata Marekani utafiti umeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani hupata CPR kutoka kwa wapita njia kwa uchache kuliko wanaume, kwa hiyo haya hii si yetu peke yetu. Ningependa Baraza la Maimamu na Wahubiri, CIPK, litoe kauli ya wazi juu ya jambo hili ili mtu asisite dakika ile. Dawa kubwa zaidi ni kuwafundisha wanawake wenyewe. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba wengi huangukia nyumbani, na nyumbani mchana, nani yupo? Mama, dada na shangazi. Hao ndio waliostahili kujaza lile darasa nililokaa.

Upande wa serikali, sheria haina kigugumizi. Katiba, kifungu cha 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu huduma kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya matibabu hayo. Na Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la ambulensi. Kwa hiyo magavana wetu sita wa Pwani hawawezi kusema hili ni la Nairobi. Kaunti zina wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wanaoingia nyumba hadi nyumba kupima presha na sukari. Wakifundishwa wao kuwa walimu, kwa Kiswahili, mafunzo yatafika Mwembe Tayari na Mkwiro bila mtu kulipa nauli.

Lakini sipendekezi tungoje kaunti, kwa sababu kwa maziko hatukuingoja. Kila kamati ya msikiti iteue watu kumi, watano wanaume na watano wanawake, ichangishe ada yao kama tunavyochangisha sanda, na wakirudi wawafundishe wengine madrasani. Mabaharia wetu waliopitia mafunzo ya usalama kabla ya kupanda meli walisomeshwa huduma ya kwanza. Wakiwa likizo, waombwe kusaidia. Vikundi vya wavuvi na vituo vya bodaboda navyo viwe na watu wao. Kila baada ya miezi mitatu warudie mazoezi, nusu saa baada ya swala ya Ijumaa inatosha kukumbusha mikono. Ndugu zetu wa makanisani wana kamati zao pia, na moyo ukisimama hauulizi dini.

Asiyeweza kusoma kozi nzima ajue angalau hili: mtu mzima akianguka ghafla mbele yako na hapumui, piga simu, kandamiza katikati ya kifua bila kukoma hata kama hutapuliza pumzi. Kufanya hivyo ni bora kuliko kumtazama. Nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199, iandike kwenye simu yako leo. Shirika hilo na St John Ambulance wana madarasa. Kamati yenu ikikutana wiki hii, waulize swali moja: waosha wa mtaa wetu twawajua kwa majina, je, wale kumi ni akina nani?