Visima Visingoje Harufu

Mei 2015, mafuta yaliyovuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, yaligunduliwa huko Thange, Makueni, yakiwa yameingia mtoni na visimani. Huku Kericho na Bomet tuna hatari iliyo karibu zaidi: matangi ya vituo vya petroli yaliyofukiwa juu ya vilima, ilhali chemchemi zetu zimo mabondeni.

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ikivuja hupenya udongo hadi kwenye maji ya ardhini, ikaelea juu yake na kusafiri nayo polepole. Ndani yake mna benzini, kemikali iletayo saratani ya damu. Harufu isikikapo kisimani, madhara ni ya siku nyingi; kuyavuta mafuta hayo kwa pampu na kupuliza hewa ardhini huweza kuchukua miaka.

Sheria ya mazingira ya 1999 yataka mchafuzi alipe. Vyema, lakini mtoto keshakunywa! Kila kituo kichimbiwe visima vyembamba vya uchunguzi upande wa mteremko, maji yapimwe mara kwa mara kwa gharama ya mwenye kituo (watalalamika, na walalamike), na matokeo yabandikwe katika ofisi ya chifu na shuleni, wanafunzi wayasome.