Kila Kipande Kina Kwao

Sisi ni wanafunzi wanne wa mwaka wa tano, wale walioleta Hiace ya shaba kwenye onyesho la kazi za mikono, na ni sisi wenyewe tulioitosha pale mezani mbele ya zawadi kutolewa. Tangu siku ile maneno ni mengi katika uwanja. Wengine wanasema tulifukuzwa. Wengine wanasema tuliogopa kushindwa na ile nyumba ya mbao ya mwaka wa tatu (ilikuwa nyumba nzuri, hatukatai). Sasa tunasikia neno lingine, nalo ndilo limetufanya tuombe ukurasa huu: kuna wazo la kukataza, kuanzia onyesho lijalo, motokari zote zenye kujengwa na vipande vya kuokota. Mutu alete kitu cha mbao, ao kitu kilichonunuliwa katika sanduku lake, basi. Sisi tunaona wazo lile si sawa, hata kama makosa yaliyolileta ni yetu.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wengi waliona tu namna ilivyong'aa.

Kila mutoto wa Lubumbashi amesukuma motokari ya waya. Usukani wake ni waya mrefu unaofika kiunoni, magurudumu ni mifuniko ya makopo ao soli ya kambambili, na sauti ya motere inatoka kinywani mwa dereva. Ni muchezo muzuri. Lakini motokari ile haina kipimo: kichwa kinaweza kuwa kikubwa kuliko mwili, na hakuna mutu wa kuuliza. Sisi tulitaka nyingine, yenye kufuata kipimo toka mbele mpaka nyuma, mutu akiitazama kwa jicho moja aseme: "Ile njo taksi-busi ya Katuba."

Basi siku ya posho moja tulimwomba dereva mumoja ruhusa, tukapima Hiace yake kwa utepe wa fundi wa nguo. Dereva alicheka sana, alafu akashika utepe mwenyewe upande wa pili. Urefu, metre 4 na sentimeta 70. Upana, 1 na 70. Kimo, karibu metre 2. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, 2 na 57. Tulichagua kipimo cha moja kwa kumi. Wenye kujenga motokari ndogo za plastiki ku Ulaya na Marekani hutumia zaidi 1/24 ao 1/25; ile 1/24 inatokana na nusu-inchi kwa kila futi moja, ni hesabu ya watu wa inchi. Rula ya shule yetu iko na sentimeta, na moja kwa kumi mutu anaigawanya bila kuchukua hata kalamu: Hiace yetu ingekuwa na sentimeta 47 za urefu, 17 za upana, na magurudumu ya sentimeta 7.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Vipande ndivyo vilitutesa. Mutu akinunua sanduku la motokari, vipande vyote vimezaliwa pamoja, vinajuana. Vya kwetu vilikuwa wageni wote. Ekseli ya mbele ilitoka katika kamotokari ka plastiki kalikovunjika, kenye kutoka Uchina. Ilikuwa inapinda kushoto na kuume vizuri sana, lakini magurudumu yake yalikuwa karibu-karibu, sentimeta 11 tu kati yao, na Hiace ya kipimo chetu inaomba karibu 15. Tuliikata katikati, tukaingiza kipande cha bic kilicho tupu, tukapashia moto na kushikilia mpaka kikapoa. Mara ya kwanza kilipinda. Mara ya pili kiliungua. Mara ya tatu kilishika, na kipo mpaka leo. Ekseli ya nyuma ni reyo mbili za kinga zilizofungwa pamoja. Taa za mbele ni globu za tochi. Milango ni bati la kopo la maziwa, na ukifungua mulango ule wa kusukuma unaona ndani maandishi ya maziwa bado. Tuliacha hivyo kwa makusudi. Magurudumu ni soli ya kambambili, tuliyaviringisha kwa kuyasugua juu ya simenti. Motere ya kaseti ya zamani iko chini ya kiti cha dereva, lakini hapa tuseme ukweli, haina nguvu ya kuvuta kitu kizito vile. Inazunguka tu.

Wengine wanasema kazi ya namna hii ni ya watoto masikini wasiokuwa na feza ya kununua sanduku. Wanakosea. Hata kule sanduku zinakotoka, wajenzi wenyewe wanachanganya. Tangu mwaka 1958 kampuni AMT ya Marekani iliuza sanduku zenye vipande vya kujenga motokari moja kwa namna tatu. Kwa ile sinema ya Star Wars ya mwaka 1977, mafundi walijenga vyombo vya kuruka angani kwa kubandika vipande vya vifaru na motokari kutoka sanduku za kawaida za madukani. Mutu aliyetazama sinema hakuona kifaru. Aliona chombo.

Sasa tufike kwa shaba.

Mifupa ya Hiace, yaani waya zote za paa, za madirisha na za chini, tulizianza kwa chuma. Chuma ni kigumu kupinda, kinarudi nyuma, kinashika kutu. Mumoja wetu akapata waya nyekundu kwa mutu anayeuzisha vyuma vya zamani. Metre 12 kwa franka 3 000. Waya ulikuwa umeungua, mweusi, plastiki yake yote imekwisha kwa moto. Tuliusugua kwa muchanga na ndimu, ukawa kama dhahabu. Unapinda pale unapotaka na unakaa pale. Hatukuuliza kitu. Tunaandika hivi wazi kwa sababu yote yanayofuata yanatoka kwa neno hili moja: hatukuuliza.

Siku ya onyesho, baba wa mwanafunzi mumoja, ambaye anatumika kazi ya umeme, alisimama mbele ya meza yetu muda mrefu. Hakutazama milango, hakutazama taa. Aliweka kidole juu ya waya wa paa akaupapasa pole pole.

"Batoto, hii waya mulitosha wapi?"

"Tuliuzaka ku soko, baba."

"Muone hapa. Bado inajipinda-pinda kidogo kidogo, sawa kamba. Hii haikukuwa ku motere. Ilikuwa na benzake, basita ao zaidi, benye kusokotana pamoja. Hii ni kabulo kubwa, ya kuleta umeme ku banyumba."

Hakusema neno la hasira. Alisema tu, akaendelea kwa meza ya wale wa nyumba ya mbao.

Inafaa musomaji ajue kwamba wawili wetu wanakaa katika mutaa mumoja, na katika mutaa ule, muhula uliopita, watu wasiojulikana walikata kabulo usiku. Tulikaa majuma matatu bila umeme. Tulifanya mitihani na mushumaa. Mama mumoja jirani, mwenye kuuzisha samaki wa baridi, alipoteza samaki wote siku ya pili. Je, waya wetu ni ule? Hatujui, na hakuna mutu anayeweza kujua. Lakini waya ule ulitoka pahali, na pahali pale watu walikaa katika giza.

Tulizozana nyuma ya darasa kwa saa nzima. Mumoja wetu alisema: sisi hatukuiba, tulilipa feza, mwizi ni mwingine, na tukitosha motokari tunajitangaza wezi. Mwingine alisema kama hakuna wa kununua kwa franka 3 000, hakuna wa kukata usiku. Tulitazama bei tena. Nusu kilo ya shaba kwa feza ile? Tulijua kidogo, tangu siku ya kwanza. Bei ilikuwa inasema, na sisi tulifurahi tu kwamba ni rahisi. Mwisho tulikwenda kuichukua Hiace kutoka mezani. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyetufukuza.

Sasa wakubwa wetu wanaona dawa ni kukataza vipande vya kuokota. Tunaheshimu nia yao. Lakini tuulize: sanduku kutoka dukani, linasema nini juu ya pahali vitu vyake vilipotoka? Linasema jina la kampuni na umri wa mutoto anayefaa kucheza. Plastiki ilitoka wapi, ile motere ndogo yenye waya wa shaba ndani, shaba yake ilichimbwa na nani? Kimya. Sisi watu wa Katanga hatuwezi kufanya kama neno hili halituhusu. Wayeke wa Bunkeya, wakati wa Msiri aliyekufa mwaka 1891, walikuwa wanavuta shaba mpaka inakuwa waya mwembamba wa kufanyizia bangili. Kazi ya waya si mpya kwetu. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha, na tangu pale shaba ilipanda treni kwenda mbali na kurudi kwetu ikiwa imekwisha kuwa kitu cha mutu mwingine. Leo ni kobalti: zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inachimbwa katika inchi yetu, na inaingia katika betri nyingi za motokari za umeme ambazo hapa hatuzioni sana. Mwaka 2019 wasanii wa muji huu, kati yao Jean Katambayi Mukendi, ambaye alijifunza kazi ya umeme kabla ya kujulikana kama musanii, walijenga motokari ya Tesla kwa waya za shaba. Sisi tunaisoma hivi: ni kama kuuliza kile kitu kinachong'aa kule, vipande vyake vilitoka kwa nani.

Kwa hiyo motokari ya vipande vilivyochanganyika iko na kitu ambacho sanduku halina. Mwenye kuijenga anaweza kujua kila kipande kwa jina. Ekseli hii ni ya kamotokari ka mudogo wangu. Reyo hizi ni za kinga ya babu. Kopo hili tulikunywa maziwa yake. Ile ndiyo heshima ya kazi hii, na sisi tuliipoteza kwa kipande kimoja tu, kile kizuri kuliko vyote.

Ombi letu kwa wakubwa wa onyesho ni hili. Musikataze. Muombe karatasi. Kila mwenye kuleta motokari, ao redio, ao kitu chochote cha vipande, alete pamoja nayo karatasi moja yenye kuandikwa kila kipande na pahali kilipotoka, na jina la mutu aliyekitoa ao kukiuzisha. Kipande kisichokuwa na kwao, motokari haipandi mezani. Na wenye kuleta vitu vya sanduku waandike nao wanachojua. Karatasi yao itakuwa fupi sana, na pale watu watacheka kidogo, haizuru.

Tunajua shida ya shauri hili. Mutu anaweza kuandika uongo. Mwalimu hawezi kwenda sokoni kuuliza juu ya kila musumari. Ni kweli. Lakini kuandika uongo kwa mukono wako na kuweka jina lako chini, mbele ya darasa lote linalojua nyumbani kwenu, si sawa na kunyamaza. Sisi hatukusema uongo wowote, tulinyamaza tu, na ilikuwa rahisi kabisa. Tungalipewa karatasi ile, pale penye "waya wa shaba" kalamu ingesimama.

Jambo la mwisho, kwa wale wanaouliza waya uko wapi. Tuliutosha wote katika Hiace, metre 12, nusu kilo na kidogo, tukampelekea yule baba wa kazi ya umeme. Alikataa kuuchukua bila karatasi. Alisema hata yeye anaweza kuulizwa alikoutosha. Basi uko katika kopo, ku biro ya shule, mpaka wakubwa waamue. Hiace tunaijenga upya kwa chuma cha mujengaji mumoja wa mutaa wetu, zile waya za kufungia fero-beto zinazobaki mwisho wa kazi, na jina lake tumeliandika. Ni ngumu kupinda. Paa bado linarudi juu upande wa kushoto, na vidole vinatuuma.