Fizikia Ishuke Mtaa

Wasee, leo sina siasa wala udaku. Leo nadai deni, na wanaodaiwa ni wenye maabara za fizikia.

Deni lenyewe ni hili. Kila maabara inayoendeshwa kwa pesa ya umma inafaa kufungua mlango, ama itoke nje, imweleze mwananchi wa kawaida inafanya nini. Bure. Kwa lugha anayoiskia. Na ikimaliza kueleza, ikae kitini iulizwe maswali. Huo ndio mhadhara wa umma. Si wa waliolipa karo, si wa wageni wa mwaliko wenye kadi shingoni. Wa umma, yaani wangu, wako, na wa mama mboga wa hapo kona.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Buda, watu wanatafuta unga na wewe unaleta fizikia?" Tulia. Nitafika hapo.

Kwanza angalia ramani. Idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Chiromo, upande wa Westlands. Mto Nairobi unapita maeneo hayo, unashuka Museum Hill, unapita Gikomba, unafika huku kwetu Shauri Moyo ukiwa mweusi tii. Maji yanatoka kwa wenye maabara mpaka kwetu kila siku, bila nauli, bila barua ya mwaliko. Elimu inashindwa nini?

Inashindwa getini. Mimi niliacha campo mwaka wa pili, karo ilimlemea mathee. Muda si mrefu baadaye nikaona bango la mhadhara wa sayansi, chuo fulani mjini, sitakitaja. Bango limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba umma wote umekaribishwa. Nikaenda. Askari wa geti akaniuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Nikamwambia bango linasema umma. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, akauliza, "Umma gani?"

Manze, hilo swali nalibeba mpaka leo, na simlaumu askari. Yeye alifuata alichoambiwa. Nauliza waliomwambia: umma gani? Kwa sababu kama umma ni mtu mwenye kitambulisho chenu tu, hiyo futeni kwenye bango, mwite mkutano wa ndani.

Sasa niwaambie kwa nini nachemka hivi. Kuna dogo alikuwa anaitwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba Sekondari, Tanganyika, wakipika aiskrimu na wenzake. Kawaida unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndio unaweka ndani ya friji yagande. Siku moja nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, Mpemba akaingiza yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa moto. Akamuuliza mwalimu mbona. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, kule Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamfanyia kejeli, ati hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia.

Halafu akaja mgeni. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alikuja shuleni kuongea na wanafunzi. Wakati wa maswali Mpemba akasimama. Ukichukua maji ya kiasi sawa kwenye vyombo viwili, moja nyuzijoto 35, nyingine 100, ukaweka ndani ya friji, yale ya 100 yanatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Mgeni hakumzima. Aliporudi Dar es Salaam alijaribu jambo lile kwenye maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo linaitwa jina la Mpemba dunia nzima, na wanafizikia bado wanabishana juu yake.

Sasa fikiria. Mwanafunzi wa sekondari, swali la aiskrimu, na mtu wa maabara aliyetoka ofisini akasafiri mpaka shuleni. Wengi wanasema mhadhara ni mtu anayejua akimwaga maarifa kwa wasiojua. Uongo. Siku ile aliyerudi nyumbani na kazi ya kufanya ni mhadhiri. Asingefika Iringa, ama angefika aongee mpaka kengele ilie bila kuruhusu maswali, hilo swali lingekufa na jina la utani.

Wewe jiulize ni maswali mangapi yamekufa hapa Eastlando.

Tena si Mpemba peke yake. Michael Faraday wa London alikuwa mtoto wa fundi chuma. Fundi chuma! Angezaliwa huku, babake angekuwa na kibanda Kamukunji, anagonga bati kutoka asubuhi. Shule alisoma kidogo tu, akawekwa duka la kufunga vitabu ajifunze kazi. Mwaka 1812 mteja wa lile duka akampa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy pale Royal Institution. Kijana akaenda, akaandika kila kitu, akazifunga zile karatasi zikawa kitabu, akamtumia Davy. Mwaka 1813 akaajiriwa kama msaidizi wa maabara. Mwaka 1831 akaonyesha kwamba ukisogeza sumaku kwenye waya uliozungushwa, umeme unatembea ndani ya waya. Stima ya Olkaria, stima ya Masinga na Gitaru, yote inazalishwa kwa kanuni hiyo.

Na huyo msee hakusahau alikotoka. Royal Institution ilianza mihadhara ya Krismasi ya vijana mwaka 1825, na Faraday mwenyewe aliitoa mara 19. Mada yake moja maarufu ilikuwa mshumaa. Mshumaa tu! Unawaka vipi, nta inaenda wapi, moshi ni nini.

Lakini kumbuka kitu: Faraday aliingia kwa tiketi ya kupewa. Mlango ulifunguka kwa sababu mteja mmoja alikuwa na roho safi. Siwezi kujenga maisha ya vijana wa mtaa juu ya bahati ya kukutana na mteja mwenye roho safi.

Kuna wale wataniambia hayo ni ya Ulaya. Sawa, turudi nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kituo kilikuwa cha Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani. Walikuja huku kwa sababu tuko karibu na ikweta, na mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani pekee. Iliorodhesha vyanzo 339, na ilichangia sana wanasayansi kushuku kwamba Cygnus X-1 ina shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli mwaka 2002.

Unajua iliitwaje? Uhuru. Neno letu, bahari yetu, sikukuu yetu. Sasa toka nje uulize wasee Uhuru ni nini. Watakutajia Uhuru Park, Uhuru Highway, rais wa nne. Setilaiti? Nani alikuja kuwaambia?

Na bado kuna mtu na digrii zake atasema Kiswahili hakiwezi fizikia. Kiswahili kilikipa jina chombo kilichosaka eksirei za angani, wewe unasema hakiwezi kueleza sumaku? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Haijasema rasmi isipokuwa Jumamosi kwenye mihadhara ya sayansi.

Haya, "watu wa mtaa hawataelewa." Nenda Kamukunji. Angalia jiko lenye bati nje na udongo ndani. Anayelitengeneza anajua udongo unashika moto na makaa yanadumu. Mtafute fundi anayefunga upya waya wa shaba kwenye mota iliyoungua. Anajua akipunguza mizunguko, ile mota itaungua tena. Huyo mtu ameishika kanuni ya Faraday kwa vidole miaka na miaka. Kitu anachokosa ni mtu wa kumwambia kanuni hiyo inaenda mbali kiasi gani, na kitu ambacho maabara inakosa ni kumskia yeye ameona nini ambacho kitabu hakikusema.

"YouTube ipo." Mimi naishi kwa video, naongea kitu nakijua. Video haisikii swali lako. Ukiuliza, inakuletea video nyingine, na ya tatu ni ya msee anayesema dunia ni bapa kama chapati. Na bando ikiisha, darasa limeisha.

"Unga kwanza." Nimefika sasa. Tokeni ya stima ikiisha siku mbili kabla ya mshahara, hiyo ni fizikia. Nyumba ina taa, redio, pasi na koili ya kuchemsha maji, na watu wanagombana nani anawasha taa sana, kumbe mlaji mkubwa ni ile koili. Mtu angekuja na mita moja akaonyesha kila kifaa kinakula kiasi gani, kuna nyumba zingeokoa pesa wiki hiyo hiyo. Unga na fizikia vinakaa kwa meza moja, sema tu hakuna aliyetujulisha.

"Hakuna pesa." CERN walifungua jumba zima la umma Geneva mwezi wa Oktoba 2023, kuingia ni bure. Fermilab, karibu na Chicago, Leon Lederman alipokuwa mkurugenzi alianzisha masomo ya fizikia ya Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa sekondari. Hao wana mabilioni, sikatai. Lakini Osborne alikuja na nini Iringa? Alikuja na kichwa chake, mdomo wake, na masikio. Sisi hatuombi jumba la Geneva. Mtu mmoja, ubao, sumaku, waya na balbu.

Na tafadhali msituletee ile mihadhara ya kujipigia picha. Mnaijua. Mgeni wa heshima anachelewa saa mbili. Anasoma hotuba iliyoandikwa na mtu mwingine. Maji ya chupa meza ya mbele tu. Halafu mwanasayansi mwenyewe, mtu tuliyekuja kumskia, anapewa dakika kumi, anazimaliza na grafu ambazo hakuna anayeziona kutoka nyuma. Maswali? "Kwa sababu ya muda, tutachukua mawili." Hiyo ni harusi bila bibi harusi. Mhadhara usio na maswali ni tangazo, na matangazo tunayo ya kutosha kwenye matatu.

Sisi pia tusijifiche. Kuna ugonjwa huku kwetu wa kucheka msee anayeuliza. Darasa la Mpemba lilicheka, na sisi tunacheka vile vile. Dogo akiuliza mbona mbingu ni ya buluu, tunamwita profesa mpaka ananyamaza. Huyo dogo tumemfungia geti sisi wenyewe, hata kabla hajaona askari wa chuo.

Basi ombi liko wazi. Jumamosi moja kila mwezi. Mtu wa maabara, si wa mawasiliano. Kiswahili, na akichanganya na sheng tutamsamehe. Nusu saa aonyeshe kitu kinachowaka, kinachozunguka au kinachovutana, na saa nzima ya maswali. Ukumbi upo: Kaloleni Social Hall, ambako wazee wetu walikuwa wanakutana kupanga siasa za uhuru, kuvuka Jogoo Road tu. Kufagia tutafagia, viti tutapanga, mafundi wa Kamukunji tutawaita kwa majina.

Wewe unayesoma, andika hapo chini swali moja la fizikia ambalo ulichekwa ukiuliza. Nitayakusanya yote, niyachape, niyapeleke kwa mkono. Na wewe mwenye ufunguo wa maabara, ukiyapata usiyajibu kwa barua. Njoo nayo Kaloleni, ulete na sumaku.