Grace Paley Hakupotezwa na Maandamano

Kila anapotajwa Grace Paley, hakosekani mtu wa kusikitika. Huanza kwa kumsifu: bingwa wa hadithi fupi, mwenye sikio kali, mwanamke aliyeyapa mazungumzo ya akina mama wa New York heshima ya fasihi. Kisha hufuata "lakini". Lakini aliandika kidogo. Lakini hakutuachia riwaya. Lakini muda wake uliliwa na vikao, maandamano na mahabusu. Hukumu hii hutolewa kwa sauti ya huruma, na ndiyo maana wengi huimeza bila kuitafuna. Mimi naipinga.

Tuanze na hesabu, maana wanaolalamika hupenda hesabu. Kitabu chake cha kwanza, The Little Disturbances of Man, kilitoka mwaka 1959. Cha pili, Enormous Changes at the Last Minute, kilitoka 1974, na cha tatu, Later the Same Day, kilitoka 1985. Vitabu vitatu katika miaka 26, na hadithi zote zikijumlishwa hazifiki hamsini. Mhadhiri wa leo akiipeleka orodha hiyo mbele ya kamati ya kupandisha vyeo atarudishiwa fomu zake kabla hajaketi. Hata shahada hakuwa nayo. Aliingia Chuo cha Hunter akiwa kijana mdogo na hakumaliza, ingawa baadaye alifundisha uandishi katika Chuo cha Sarah Lawrence kwa zaidi ya miaka ishirini.

Je, ni kweli kwamba siasa ilimpokonya riwaya? Kumbukumbu za maisha yake zinasema vingine. Katika miaka ya 1950 alikuwa mama wa watoto wawili, anafanya vibarua vya kupiga chapa, akidhani kwamba yeye ni mshairi. Aliugua, ikambidi apumzike nyumbani huku watoto wakitunzwa kwingine baada ya masomo, na katika wasaa huo akaandika hadithi zake za mwanzo. Baba wa watoto waliokuwa wakicheza na wanawe alikuwa mhariri katika kampuni ya Doubleday. Akasoma hadithi tatu, akamwambia aandike nyingine saba ili kipatikane kitabu. Kitabu kilipotoka, wachapishaji walidai riwaya, kama kwamba hadithi fupi ni posa tu na riwaya ndiyo ndoa. Paley alijaribu kwa takriban miaka miwili, akaona haiendi, akaitupa. Riwaya hiyo haikuuawa na polisi wala bango. Ilikufa kwa sababu mwandishi alijua kazi yake ni ipi.

Na hiyo kazi aliijuaje? Alizaliwa Bronx tarehe 11 Desemba 1922, mtoto wa Wayahudi waliotoka Ukraine chini ya utawala wa Tsar. Wazazi wake walikuwa wanaharakati wa kisoshalisti. Baba alipelekwa uhamishoni Siberia, na mjomba wake mmoja aliuawa akiwa amebeba bendera nyekundu katika maandamano. Nyumbani mwao walizungumza Kirusi, Kiyidi na Kiingereza. Siasa, basi, haikuja kuivamia fasihi yake ukubwani. Ilikuwapo mezani kabla binti hajajua kusoma.

Akiwa bado msichana alihudhuria masomo ya mshairi W. H. Auden, akamwonyesha mashairi aliyoyajaza maneno ya Kiingereza cha mabwana wa Uingereza. Auden akamuuliza kama hivyo ndivyo anavyozungumza. Hakuwa akizungumza hivyo. Swali hilo moja lilimfaa kuliko shahada aliyoikosa. Lugha yake ilikuwa barazani, ngazini, sokoni, na baadaye kwenye mabenchi ya bustani ya Washington Square, walikokaa akina mama wakiwachunga watoto.

Hapo ndipo hoja ya wasikitikaji inapovunjika mguu. Bustani hiyohiyo ndiyo iliyomfanya mwanaharakati. Wakuu wa jiji walipotaka kupitisha barabara katikati yake, akina mama hao waliungana na wakazi wenzao kupinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 magari yakazuiwa. Benchi lililompa sauti za wahusika wake ndilo lililompa mkutano wake wa kwanza. Kwa kisu gani utatenga viwili hivyo?

Baadaye alikwenda mbali zaidi. Wakati wa vita vya Vietnam aliketi barabarani mbele ya gwaride la kijeshi, akafungwa siku sita katika gereza la wanawake la Greenwich Village, mtaa aliokuwa akiishi. Mwaka 1969 alikwenda Hanoi na ujumbe wa amani uliorejea na wafungwa wa vita watatu wa Kimarekani. Mwaka 1973, katika kongamano la amani mjini Moscow, aliwalaumu wenyeji wake kwa kuwanyamazisha wapinzani. Septemba 1978 yeye na wenzake kumi walifunua bango la kupinga nyuklia katika bustani ya Ikulu ya Marekani, saa ileile ambapo wenzao walifunua lao katika Uwanja Mwekundu. Wa Moscow waliachiwa baada ya muda mfupi. Wa Washington walifikishwa mahakamani wakatiwa hatiani. (Nawaomba wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa waisome tena sentensi hiyo.)

Sasa tazama vipimo vinavyotumika. Ernest Hemingway alikuja huku kwetu mwaka 1933, akawinda simba na tandala Tanganyika, na katika maisha yake akatumia miezi mingi baharini akivua samaki. Wahakiki hawakuandika kwamba samaki walimpokonya riwaya. Waliita uzoefu. Mwanamke akitumia mchana wake kugawa vipeperushi dhidi ya vita, huo unaitwa upotevu. Na wanaohesabu siku zake za maandamano hawahesabu kamwe saa za kupika, kufua na kuuguza watoto, ambazo bila shaka zilimla zaidi.

Nakubali kwamba katika kitabu cha tatu zimo hadithi ambazo siasa imeelea juu kama mafuta kwenye mchuzi. Lakini chukua "A Conversation with My Father", iliyomo katika kitabu cha 1974, kilichoiva katika miaka ileile ya vita. Baba mzee, mgonjwa, anamwomba bintiye amsimulie hadithi iliyonyooka, yenye mwanzo na mwisho. Binti anasimulia habari za mama aliyezama katika dawa za kulevya, na baba anataka mwisho uwe maangamizi. Binti anakataa. Anambadilishia mama yule maisha, anampa kazi ya mapokezi katika zahanati ya mtaa. Baba anamwona bintiye mtoto asiyetaka kuyakabili majanga. Ugomvi hauishi, na wala Paley hampi binti ushindi wa bure, kwa kuwa baba ndiye anayekaribia kufa na anajua anachokisema. Anayeamini kwamba mtu aliyeandikiwa kuangamia anaweza kubadilika ndiye huyohuyo anayekaa chini mbele ya gwaride. Anayedai kwamba Paley angeandika vizuri zaidi kama angejifungia chumbani, na atuonyeshe hadithi hii ingetoka chumba gani.

Mwaka 1986, miaka minane tu baada ya bango la Ikulu, jimbo la New York lilimteua kuwa mwandishi wake rasmi wa kwanza. Vermont ilimfanya mshairi wa jimbo mwaka 2003, akiwa na miaka 80, na cheo hicho hakikumzuia kupinga vita vya Iraq. Alifariki Agosti 2007. Gereza lile la Greenwich Village lilibomolewa zamani, na mahali pake pana bustani.